Kupanga chakula cha sato kwa majedwali ya pamoja: mwongozo kwa vikundi vya wafugaji wa Mwanza

Kikundi cha wafugaji wa samaki kinapokaa kupanga kutengeneza chakula chake chenyewe, swali la kwanza huwa bei ya dagaa, na la pili huwa ni nani mwenye fomula. Fomula zinazozunguka kwenye simu ni nyingi, lakini sehemu kubwa zilitungwa na watu waliokuwa na malighafi tofauti na zile zinazopatikana Igombe, Magu au Sengerema, na aliyezituma mara nyingi hakueleza mashudu yake yalikamuliwaje wala dagaa wake walianikwa wapi. Mwongozo huu hautoi fomula ya kunakili. Unaeleza jinsi kikundi kinavyoweza kutumia majedwali ya virutubisho yaliyo wazi kwa kila mtu, kuyasahihisha kwa vipimo vya magunia yake, na kuweka matokeo mahali pamoja ili kila mwanachama ayatumie. Mfano wetu ni sato, yaani Oreochromis niloticus, katika hatua ya kukuzwa hadi uzito wa kuuzwa. Anayefuga kambare atapita njia hiyohiyo akiwa na viwango vingine.

Hatua ya kwanza: tenganisha jedwali la malighafi na jedwali la mahitaji

Kuna majedwali ya aina mbili, na kuyachanganya ndiko chanzo cha makosa mengi. Aina ya kwanza huonyesha kilichomo ndani ya malighafi: protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu, asidi amino na madini. Aina ya pili huonyesha samaki anahitaji nini kulingana na spishi na umri wake.

Kwa upande wa malighafi, hazina inayofikika kwa urahisi ni Feedipedia, inayoendeshwa na taasisi za Ufaransa za INRAE, CIRAD na AFZ kwa kushirikiana na FAO, na ambayo haidai malipo. Hazina nyingine, iliyotengenezwa mahsusi kwa chakula cha samaki wa kufugwa, ni IAFFD (International Aquaculture Feed Formulation Database). Hii ina sehemu zote mbili, yaani jedwali la malighafi na jedwali la mahitaji ya spishi mbalimbali, na yanaweza kupakuliwa kama lahajedwali na kufunguliwa kwenye kompyuta yoyote yenye Excel au LibreOffice. Kwa mahitaji ya samaki, wataalamu wengi huanzia kwenye viwango vilivyochapishwa mwaka 2011 na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani.

Hazina hizi hazikuandikwa kwa Kiswahili, na majina ya biashara ya malighafi hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Njia ya uhakika ni kutafuta kwa jina la kisayansi: alizeti ni Helianthus annuus, soya ni Glycine max, pamba ya kwetu ni Gossypium hirsutum, muhogo ni Manihot esculenta. Kwa dagaa uangalifu uzidi, kwa sababu neno hilo moja linabeba samaki kadhaa. Dagaa wa Ziwa Victoria ni Rastrineobola argentea. Wale wa Kigoma ni Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na wa pwani ni wengine kabisa. Mtu akichukua namba za dagaa bila kutazama ni wa maji gani, ameanza hesabu kwa samaki ambaye hayumo guniani mwake.

Ukifika kwenye ukurasa wa mashudu ya alizeti utakuta namba za aina kadhaa, na tofauti zake si ndogo. Mashudu ya viwanda vidogo vya kukamua hubaki na maganda na mafuta mengi. Mashudu yaliyoondolewa maganda na kutolewa mafuta kwa kemikali huwa na protini ya juu zaidi na nyuzinyuzi chache. Chagua mstari unaofanana na kiwanda unachonunulia, hata kama namba zake hazipendezi.

Hatua ya pili: geuza namba ziwe za gunia, si za uzito mkavu

Feedipedia na hazina nyingine nyingi hutoa protini kwa uzito mkavu, yaani uzito unaobaki maji yote yakishaondolewa. Wewe hupimi uzito mkavu kwenye mizani. Unapima dagaa wakiwa na unyevu wao. Kwa hiyo namba ya jedwali lazima izidishwe kwa sehemu ya uzito mkavu ya malighafi yako. Jedwali likisema dagaa wana protini asilimia 60 kwa uzito mkavu, na dagaa wako wana unyevu wa asilimia 10, protini ya guniani ni 60 × 0.90, sawa na asilimia 54. Msimu wa mvua, unyevu ukifika 15, dagaa walewale wanashuka hadi 51.

Kabla ya kunakili namba yoyote, soma kichwa cha safu yake. Hazina mbili zinaweza kutoa namba mbili zinazotofautiana kwa malighafi moja, na zote zikawa sahihi, kwa kuwa moja ni ya uzito mkavu na nyingine ni ya kitu kama kilivyo.

Hatua ya tatu: pima magunia yako

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atumie muda mwingi kuliko mahali pengine pote. Jedwali la kimataifa linaeleza dagaa kwa jumla, lakini halijui kama dagaa ulionunua Mwaloni Kirumba walianikwa kwenye chanja, kwenye nyavu juu ya mawe, au moja kwa moja kwenye mchanga wa ufukweni. Kwetu hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote. Mchanga una uzito, unalipiwa kwa bei ya dagaa, na hauna protini hata chembe.

Mwaka wetu wa kwanza tulitumia namba ya jedwali bila kupima chochote. Samaki walikula vizuri na hawakukua, na tuliwalaumu vifaranga, tukalaumu maji, tukalaumu hata kijana aliyekuwa akilisha, mpaka siku tulipoosha bakuli la unga wa dagaa tukaona kilichobaki chini.

Anza na namna ya kuchukua sampuli. Usichukue konzi moja kutoka gunia lililo karibu na mlango. Tumia bambo, lilelile la wanunuzi wa nafaka, na uchome angalau magunia 10 kwa juu, kati na chini. Ikiwa shehena ina magunia pungufu ya hayo, choma yote. Kwa dagaa wazima, ambao bambo haliwabebi vizuri, mwaga sehemu ya kila gunia kwenye turubai. Changanya, tandaza mduara, gawanya sehemu nne, tupa mbili zinazotazamana, kisha changanya tena zilizobaki na urudie mpaka ipatikane takriban kilo moja. Saga, gawanya katika mifuko miwili isiyopitisha hewa, na uandike tarehe, muuzaji na mwalo, yaani ufukwe ambako samaki hushushwa. Mfuko mmoja unakwenda kupimwa, wa pili unabaki kwa kikundi iwapo matokeo yatatiliwa shaka.

Vipimo viwili vinafanyika nyumbani. Cha mchanga ni rahisi: pima gramu 100 za unga wa dagaa, weka kwenye ndoo ndogo yenye maji mengi, koroga, subiri kidogo, mwaga vinavyoelea na vinavyozama polepole, rudia mpaka maji yawe safi, kisha kausha na upime kilichobaki chini. Vipande vya mifupa navyo huzama, hivyo vichague uvitoe kabla ya kupima. Ukibaki na gramu 18 za mchanga, protini yako si 54 tena bali ni 54 × 0.82, yaani takriban 44. Cha unyevu kinahitaji oveni na mizani ya jikoni inayosoma gramu moja: kausha gramu 100 kwa nyuzi joto 105, pima kila baada ya muda, na uache uzito unapokoma kushuka. Gramu zilizopotea ndizo asilimia ya unyevu.

Vipimo vya protini, mafuta, nyuzinyuzi na majivu vinahitaji maabara, kama zile za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoko Morogoro. Gharama yake kwa mfugaji mmoja inauma, lakini ikigawanywa kwa wanachama 15 wanaonunua malighafi kwa pamoja inakuwa ndogo kuliko hasara ya gunia moja la mchanga. Ujue pia kwamba maabara kwa kawaida haipimi protini yenyewe. Inapima naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25. Mtu aliyechanganya urea kwenye unga wa samaki atapata protini nzuri kwenye karatasi, na samaki hawatafaidika nayo. Ndiyo maana unga unaonuka amonia, hata ukija na cheti, ni vyema kuukataa.

Hatua ya nne: tengeneza jedwali la kikundi

Lahajedwali moja kwenye Google Sheets linatosha, kwa kuwa linafunguka kwenye simu na kila mwanachama analiona. Kila shehena iliyopimwa ipewe mstari wake: malighafi, jina la kisayansi, mahali iliponunuliwa, tarehe, namna ilivyokaushwa au kukamuliwa, unyevu, protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu, mchanga, bei ya kilo, na safu inayosema kama namba imetoka maabara, imepimwa nyumbani au imechukuliwa kwenye hazina ya kimataifa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo roho ya jedwali. Bila hiyo, baada ya miezi 6 hakuna atakayekumbuka ipi ilipimwa na ipi ilikopwa, na mtu ataanza kuzitafutia wastani namba ambazo hazipaswi kukaa pamoja.

Kubalianeni mambo machache mapema. Protini zote ziandikwe kwa kipimo kimoja, ama cha guniani ama cha uzito mkavu. Mstari wa zamani usifutwe hata ukionekana mbaya, maana ndio utakaowaonyesha kwamba dagaa wa mwalo fulani hushuka kila masika. Mtu mmoja au wawili ndio waruhusiwe kuandika, na wengine wasome tu. Bei isiandikwe bila tarehe, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi mingi hupumzika na bei hupanda. Bei ya wiki hii si bei ya wiki mbili zijazo.

Ongeza safu moja ya kukokotoa: bei ya kilo moja ya protini. Tuseme dagaa wa chanja wanauzwa shilingi 2,000 kwa kilo wakiwa na protini asilimia 54, na wa mchangani shilingi 1,800 wakiwa na 44. Gawanya: wa kwanza wanakupa kilo ya protini kwa takriban shilingi 3,700, wa pili kwa takriban 4,090. Gunia la bei rahisi ndilo la bei ghali.

Hatua ya tano: kokotoa, kisha angalia asidi amino

Kwa sato wa kukuzwa, protini ya asilimia 28 hadi 32 ndiyo inayotumika sana, wakati vifaranga wadogo wanahitaji zaidi. Tuchukue mfano wa kilo 100 za chakula cha bwawani, tukitumia namba za guniani: dagaa kilo 20 (protini 54), mashudu ya soya kilo 25 (44), mashudu ya alizeti yenye maganda kilo 15 (26), pumba laini za mpunga kilo 14 (12), pumba za mahindi kilo 18 (10), unga wa muhogo wa kushikanisha kilo 6 (2), na kilo 2 za premiksi ya vitamini na madini, DCP (unga wa madini wenye kalsiamu na fosforasi) na chumvi. Zidisha kila uzito kwa protini yake, kisha gawanya kwa 100: 10.8 + 11.0 + 3.9 + 1.68 + 1.8 + 0.12. Jumla ni 29.3. Ukiweka dagaa wa mchangani wenye 44 mahali pa wale wa 54, bila kubadilisha kitu kingine, jumla inashuka hadi 27.3.

Wengi huishia hapo, ilhali samaki hahitaji protini kwa jina lake bali asidi amino zilizomo ndani yake, na inayopungua mapema kwenye chakula chenye mashudu mengi ni laisini. Kiwango cha mwaka 2011 kwa sato ni laisini asilimia 1.6 ya chakula. Protini ya dagaa ina laisini takriban asilimia 7.5, ya soya 6.2, ya pumba za mpunga 4.5, ya pumba za mahindi 4, na ya alizeti 3.5 tu. Hesabu ya fomula yetu inafika 1.78, na mtu anaweza kufurahi.

Asifurahi haraka. Viwango vile vilipatikana kwa malighafi zilizosafishwa ambazo samaki anazimeng'enya karibu zote, hivyo 1.6 isomwe kama laisini inayomeng'enywa, wakati 1.78 yetu ni jumla yote iliyomo. Tukichukulia kwamba sehemu tisa kwa kumi ndizo zinazomeng'enywa, tunabaki na 1.6 kamili, yaani tumesimama ukingoni. Sasa mwanachama mmoja akishauri, kwa sababu ya bei, tuondoe kilo 10 za dagaa na kuweka kilo 21 za alizeti, protini ya vitu hivyo viwili italingana, 5.4 kwa 5.46. Lakini laisini ya jumla itashuka hadi 1.56, na inayomeng'enywa hadi takriban 1.4, kabla hata ya kuhesabu kilo 11 za pumba zitakazoondolewa ili nafasi itoshe. Nyuzinyuzi nazo, zilizokuwa chini ya 9, zitapita 13, ilhali ni vyema zisivuke 10.

Fosforasi inahitaji jicho hilohilo. Sato anahitaji takriban asilimia 0.4 ya fosforasi inayopatikana, lakini kwenye mbegu na pumba karibu theluthi mbili ya fosforasi imefungwa kwenye faiteti, kemikali ya asili ya mimea, na samaki haipati. Usiandike jumla ya jedwali ukadhani kazi imekwisha. DCP ina sababu ya kuwemo.

Hatua ya sita: weka vikomo ambavyo jedwali la virutubisho halivionyeshi

Mashudu ya pamba yanapatikana kwa wingi kwetu, kwa kuwa tumezungukwa na mikoa ya pamba, na protini yake inavutia. Yana gosipoli, ambayo ni sumu kwa samaki ikizidi, na ambayo joto la kukamua huifunga pamoja na laisini, hivyo laisini inayoonekana kwenye jedwali si yote utakayoipata. Kikundi chetu hakivuki kilo 10 kwa kila 100. Soya mbichi ina vizuizi vya umeng'enyaji na lazima ikaangwe au ichemshwe. Mahindi, karanga na mashudu yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu unaoleta sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kusaga wala kwa kukausha tena. Pumba za mpunga za mashine za vijijini mara nyingi huwa na maganda yaliyosagwa ndani yake. Zishike mkononi, zikikwaruza, zina nyuzinyuzi mara mbili au zaidi ya zile laini.

Hatua ya saba: iachie kompyuta utafutaji wa bei nafuu

Excel na LibreOffice zote zina zana inayoitwa Solver. Unaipa bei za malighafi, unaiambia jumla iwe kilo 100, protini isishuke chini ya 29, laisini isishuke chini ya 1.78, nyuzinyuzi zisizidi 10, pamba isizidi kilo 10, na inatafuta mchanganyiko wa gharama ndogo kabisa. Zana hii haina aibu: kikomo ulichosahau kukiweka ndicho itakachokitumia. Ikikuletea fomula yenye kilo 40 za kitu kimoja, usiilaumu. Rudi kwenye vikomo vyako.

Wenye vizimba wazingatie jambo moja zaidi. Fomula niliyoitumia ni ya tembe zinazozama, na kwenye kizimba tembe inayozama hupita chini ya wavu ikaenda kulisha furu, samaki wadogo wa ziwani. Chakula kinachoelea kinahitaji mashine ya joto na shinikizo, pamoja na wanga wa kutosha kuvimbisha tembe, takriban asilimia 20 au zaidi, kwa hiyo weka wanga kama kikomo tangu mwanzo.

Hatua ya nane: rudisha matokeo kwenye jedwali

Kila mkupuo wa chakula upewe namba, na namba hiyo iandikwe kwenye mifuko na kwenye daftari la kulishia. Kila wiki mbili pima uzito wa sampuli ya samaki wa bwawa au kizimba kilekile, kisha gawanya kilo za chakula mlicholisha kwa kilo ambazo samaki wameongezeka. Iwapo mkupuo mmoja unahitaji kilo 1.6 za chakula kwa kilo moja ya ongezeko na mwingine unahitaji 2.2 katika maji na ukubwa wa samaki unaofanana, fungua mistari ya malighafi ya mikupuo hiyo na ulinganishe. Anza na safu ya mchanga, kisha unyevu, kisha ile safu inayosema namba ilitoka wapi. Ikiwa mkupuo ulioshindwa ulitumia namba ya kukopa, toa ule mfuko wa pili wa sampuli mliouhifadhi na uupeleke maabara kabla ya kununua shehena nyingine kwa muuzaji huyo.